Chozi Lililorekodiwa Baadaye

Mwanangu wa kwa dada ana televisheni ya mtandaoni. Ukisikia televisheni usifikirie jengo. Ni yeye, mwenzake mmoja, simu mbili na kipaza sauti kilichovishwa boksi la plastiki lenye nembo. Hivi karibuni mama yake alimkataza kuja na boksi hilo kwenye misiba ya ukoo, maana tulishachoka kuona wafiwa wakizongwa makaburini na swali lile lile la "unajisikiaje?" Kijana akanuna. Kesho yake akanitumia kwa WhatsApp kipande kifupi cha sinema ya Nightcrawler, pale ambapo Louis Bloom, anayeigizwa na Jake Gyllenhaal, anajinadi kwa mtu ili apewe kazi: yeye ni mchapakazi, anajiwekea malengo ya juu, ni king'ang'anizi. Chini yake kijana aliandika: "Mama mdogo, huyu jamaa mpambanaji wa kweli. Na mimi ndicho ninachofanya."

Nikampigia kumuuliza kama ameitazama sinema nzima. Hakuwa ameitazama. Kipande alikipokea kikiwa tayari kimekatwa, kimewekewa muziki, kinasambazwa kama mawaidha kwa wajasiriamali. Na kilikatwa mahali pazuri sana, kwa sababu sekunde chache baadaye mwenye yadi ya vyuma chakavu anamjibu Bloom kwamba yeye haajiri mwizi. Vyuma alivyoletewa ni vya wizi na wote wawili wanajua. Aliyekata pale anajua kazi. Nasema hivyo bila kumkejeli, maana kukata picha ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto.

Baadaye aliitazama yote, akarudi na hoja ambayo sikuitegemea. Alisema Bloom hakudanganya popote. Ajali zilikuwa za kweli, damu ilikuwa ya kweli, na kituo kilinunua kwa hiari yake. Kwa sehemu kubwa ana haki. Katika sinema hiyo ya Dan Gilroy ya mwaka 2014, Bloom anabadilisha baiskeli ya wizi kwa kamera, anajifunza kazi usiku usiku katika barabara za Los Angeles, anajitahidi kuwahi ajali kabla ya polisi, na Nina, mhariri wa habari za asubuhi, anamfundisha kipi kinauzika: damu ya mzungu mwenye nyumba nzuri, iliyomwagwa na maskini. Siku moja anafika kwenye ajali peke yake, anamburuta marehemu kidogo ili akae vizuri kwenye mwanga wa taa za gari. Mtazamaji anaruka kwenye kiti. Lakini kila hatua iliyomfikisha pale ingepigiwa makofi kwenye semina yoyote ya vijana na fursa: kujituma, kuwahi, kumjua mteja. Mwisho wa sinema ana magari mawili na wafanyakazi wanaojifunza kazi kwake. Hakuna anayemkamata.

Ubishi huo ulinirudisha nyuma, kwenye sinema nilizozitazama nikiwa ndani ya kazi yenyewe. Zote ni za kuicheka televisheni ya habari. Na zote, nikizipanga leo kwa mpangilio wa miaka niliyozikuta, naona zilikuwa zikimcheka mtu yule yule: mtu anayeifanya kazi yake barabara.

Niliingia chumba cha habari Dar es Salaam katika miaka ile televisheni binafsi zilipokuwa bado changa. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo tulikuwa tunajifunza wote kwa pamoja, wasomaji wa habari, wapiga picha na sisi wahariri wa picha tuliofungiwa kwenye kijichumba chenye mashine mbili na feni isiyozunguka. Kaka mmoja aliyekuwa amesoma nje ndiye aliyeniletea kanda ya Broadcast News, sinema ya James L. Brooks ya mwaka 1987. Akaniambia, "Dada, tazama, utajiona."

Nilijiona kwelikweli. Kuna sehemu msichana anakimbia na kanda mkononi, anapita chini ya droo iliyo wazi, anaruka vitu, ili kanda iingie kwenye mashine kabla msomaji hajamaliza sentensi. Wale wasiofanya kazi hii hudhani hicho ni kichekesho kilichotiwa chumvi. Sisi tulikuwa na ngazi, na taa ya ngazini ilikuwa mbovu.

Lakini kilichonikaa rohoni ni chozi. Tom, mtangazaji mwenye sura nzuri na kichwa chepesi, anamhoji mwanamke aliyebakwa na mtu aliyetoka naye, na mwanamke anapolia, tunamwona Tom naye machozi yakimlengalenga. Nchi nzima inaguswa. Mwishoni Aaron, mwandishi hodari asiye na sura ya televisheni, anamwuliza Jane, mtayarishaji anayempenda Tom: siku ile walikwenda na kamera ngapi? Moja. Basi hakuna haja ya kuendelea. Kamera moja haiwezi kumtazama mwanamke na Tom kwa wakati mmoja. Chozi lilirekodiwa baadaye, mwanamke akiwa ameshamaliza kusema.

Sisi tulikuwa na kamera moja kila siku. Mahojiano yakiisha, mpiga picha anahamia nyuma ya mgeni na kumrekodi mwandishi akitikisa kichwa, anatikisa tu, hakuna anayeongea. Kutikisa kichwa huko ndiko kulikofunika mikato yangu. Waziri amejikanyaga katikati ya sentensi, nakata, naweka kichwa kinachotikisika, mtazamaji haoni mshono. Bila picha hizo taarifa ya saa mbili usiku isingetoka. Ndiyo maana sinema ile ilininyima usingizi kuliko zote. Ilinionyesha kwamba kati ya kichwa changu na chozi la Tom kuna hatua moja. Mimi nilikuwa naficha mkato. Yeye aliongeza hisia ambayo haikuwepo. Naamini tofauti ipo, na nimekuwa nikiifundisha kwa miaka mingi, ila sijawahi kuieleza bila mwanafunzi mmoja kutabasamu pembeni.

Brooks mwenyewe analijua hilo. Mapema katika sinema ile Jane yuko Nicaragua, na mpiga picha wake anataka kumwambia mpiganaji mmoja avae viatu vyake. Jane anafoka kwamba hawakuja kutengeneza habari, na anamwambia yule mpiganaji afanye apendavyo. Jamaa anawaza, anawatazama, anavaa viatu. Nao wanarekodi. Jane ametii kanuni kwa asilimia mia na picha iliyopatikana ni ile ile.

Agosti 7, 1998 ilikuwa Ijumaa. Kabla ya saa tano asubuhi mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja Nairobi na Dar es Salaam, kwenye balozi za Marekani. Kwetu gari la maji lililokuwa langoni lilipokea sehemu ya pigo, wakafa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na maelfu waliumia. Wengi walipoteza macho, kwa sababu kishindo kidogo cha kwanza kiliwavuta madirishani kuchungulia, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuma ya vioo. Kwa siku kadhaa nilikata picha za vifusi. Nakumbuka sauti zaidi kuliko picha, hasa za waokoaji wa Nairobi wakimsemesha mwanamke aliyekuwa bado hai chini ya jengo la Ufundi. Hawakumwahi.

Agosti 20 Marekani ikarusha makombora Afghanistan, na nchini Sudan ikapiga kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Siku tatu kabla, Rais Clinton alikuwa amekiri hadharani uhusiano wake na Monica Lewinsky. Basi kwenye mkutano wa waandishi kule Washington, waziri wao wa ulinzi, William Cohen, akaulizwa juu ya sinema. Sinema yenyewe ni Wag the Dog ya Barry Levinson, iliyotoka mwishoni mwa 1997, wiki chache kabla ya kashfa kufumuka: rais ana skendo ya msichana, washauri wake wanamkodi mtayarishaji wa Hollywood, wanatunga vita na Albania kwenye studio, na televisheni zinavirusha kama habari.

Nilipoipata kanda yake nilicheka, siwezi kukataa. Kuna binti anakimbia studioni amekumbatia mfuko wa chipsi za pakiti, na mafundi wanabadilisha mfuko ule kwa kompyuta uwe paka mdogo, wanaongeza moto nyuma yake, wanaongeza king'ora. Mhariri wa picha yeyote atainuka kupiga makofi. Albania inachaguliwa kwa sababu Mmarekani wa kawaida haijui vizuri. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kunitoka. Katika ubishi wao wa Agosti ile, kama makombora yalikuwa ya kulipiza au ya kufunika skendo, Dar es Salaam ilikuwa jina tu linalotajwa kwa haraka kabla ya kurudi kwa Lewinsky. Sisi tulikuwa Albania yao. Tofauti ni kwamba kwetu hakukuwa na paka wa kompyuta.

Sijasema sinema ile ilikosea. Swali la waandishi wale lilikuwa halali na kiwanda cha dawa kilipigwa kweli. Lakini tangu hapo nimekuwa na wasiwasi na aina hii ya kejeli. Inamwachia mtazamaji silaha ya kutoamini chochote, na silaha hiyo haichagui. Miaka ya karibuni nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema msiba fulani ni "kiki", kabla hata maiti haijatoka hospitali.

Mwaka 2000 ikaja ya Kihindi, Phir Bhi Dil Hai Hindustani, ya Aziz Mirza. Shah Rukh Khan na Juhi Chawla ni waandishi wa vituo viwili vinavyokabana koo, na katikati yao yuko mtu anayekwenda kunyongwa. Kitanzi kinatafutiwa wafadhili, kirushwe moja kwa moja. Niliitazama kwenye kibanda umiza, na mtafsiri wa siku ile, katika mtindo uliopewa umaarufu na akina Lufufu, hakuhangaika na majina ya vituo vya Bombay. Aliviita kwa majina ya vituo vyetu, na Shah Rukh Khan akampa jina la mtangazaji tunayemjua wote. Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Sidhani Mirza aliwahi kupata watazamaji wazuri kuliko wale, maana kwao India sinema ilidoda. Kasoro yake naiona sasa: waandishi wanatubu, wanashika vipaza sauti vile vile, na televisheni inaponya ilichokiharibu. Bendera zinapepea. Ni sinema inayoipenda televisheni.

Network ya mwaka 1976 haiipendi. Mkufunzi mmoja kutoka Ulaya alituonyesha kwenye mafunzo ya wiki moja, akitarajia tushtuke. Howard Beale, msomaji wa habari mkongwe, anafukuzwa kwa sababu watazamaji wamepungua, anatangaza hewani kwamba atajiua, watazamaji wanaongezeka, basi hafukuzwi tena, anapewa kipindi cha kupayuka. Peter Finch aliyemwigiza alifariki Januari 1977 na akapewa Oscar akiwa kaburini, muigizaji wa kwanza kupata tuzo hiyo kwa namna hiyo. Mkufunzi alisimamisha kanda pale watu wanapofungua madirisha na kupiga kelele za hasira mjini kote, akatuuliza tunajifunza nini. Kimya. Sisi tulikuwa tumeshacheka mapema zaidi, kwenye kikao ambacho wanamapinduzi wenye bunduki, waliopewa kipindi chao cha televisheni, wanagombania vifungu vya mkataba na mgawo wa mapato. Mpiga picha wetu mmoja alisema wale ni kama chama cha ushirika siku ya kugawana mbolea, na tangu hapo mkufunzi hakuweza kuturudisha kwenye mstari.

Jioni ile tulipokuwa tunakunywa chai ndipo mtu alipouliza swali ambalo lilistahili kuwa la mkufunzi. Diana, mkuu wa vipindi anayeigizwa na Faye Dunaway, ana kosa gani hasa? Aliambiwa alete watazamaji, akawaleta. Beale anapouawa mbele ya kamera mwishoni, kikao cha kumwua kinaendeshwa kwa utulivu kama vikao vyote, ajenda baada ya ajenda. Paddy Chayefsky aliyeiandika hakumpa Diana pembe wala mkia. Alimpa bidii.

Hata hivyo mkufunzi alikosea kudhani ugonjwa wetu ni ule. Amerika ya sinema ile ilikuwa inawafukuzia watazamaji. Sisi tulikuwa na mgeni rasmi. Taarifa ya habari ya siku za kawaida ilikuwa mgeni rasmi akishuka kwenye gari, mgeni rasmi akisaini kitabu, meza kuu, washiriki wa semina wakiandika kitu ambacho hakuna aliyewahi kujua ni nini, mgeni rasmi akisema serikali itahakikisha. Mwandishi alirudi na bahasha ya "nauli" na hotuba iliyochapwa. Mpiga picha aliyesahau kumchukua mgeni rasmi akishuka garini aliandikiwa barua, na hakuna aliyekumbuka kuuliza semina ilihusu nini. Hiyo nayo ni kazi iliyofanywa vizuri, kwa kipimo chake. Sijui sinema ya Hollywood inayoicheka. Vichekesho vya nyumbani viliigusa kidogo: Ze Comedy walikuwa na wasomaji wao wa habari, na Nairobi vikaragosi vya The XYZ Show, alivyoanzisha Gado mwaka 2009, vilimpa mtangazaji maarufu jina la kugeuzageuza herufi. Lakini walimcheka msomaji. Aliyeandika barua ya onyo alibaki ofisini kwake.

Kwangu aliyekaribia kabisa ni Anusha Rizvi, na si ajabu, maana naye alitoka kwenye televisheni. Sinema yake Peepli Live, iliyotayarishwa na Aamir Khan, ilitoka 2010. Natha ni mkulima anayekaribia kunyang'anywa shamba na benki. Anasikia kwamba familia za wakulima waliojiua hulipwa fidia, na kaka yake anamsukuma taratibu hadi anakubali kujiua yeye. Habari inavuja. Magari ya televisheni yanajaa kijijini, wachuuzi na bembea wanafuata, wanasiasa wanafuata kwa sababu kuna uchaguzi mdogo. Serikali inampa pampu ya maji ya mkono, hana pa kuifunga. Natha anapopotea, mwandishi mmoja anasimama mbele ya kamera kuchambua kinyesi alichokiacha, rangi yake, na rangi hiyo inaonyesha nini kuhusu hali ya moyo wake. Nilicheka hadi nikaisimamisha.

Wakati huo huo, mita chache kutoka kwenye kamera, mzee mwembamba anachimba udongo kwenye shimo ili auze. Hasemi kitu. Siku moja anakutwa amefia humo humo shimoni. Anayemwona ni Rakesh, mwandishi wa gazeti dogo la pale pale, kijana mwenye ndoto ya kupata kazi kwa wakubwa, anayeigizwa na Nawazuddin Siddiqui kabla hajawa nyota. Anamwuliza yule mwandishi wa kike wa kituo kikubwa kwa nini mzee huyu si habari. Anajibiwa kwamba habari ni Natha, na kama hawezi kuvumilia hilo basi kazi hii haimfai. Mwishoni moto unalipuka, Rakesh anateketea, na maiti yake inadhaniwa ni ya Natha. Magari yanaondoka. Maandishi ya mwisho yanasema wakulima milioni 8 waliacha kilimo India kati ya 1991 na 2001.

Watu wengi hukumbuka kinyesi. Mimi humkumbuka Rakesh, kwa sababu akina Rakesh wetu niliwajua kwa mwandiko. Tuliwaita wawakilishi wa mikoani. Walijinunulia betri, walirekodi wenyewe, na kanda walimkabidhi kondakta wa basi hadi stendi ya Ubungo, na gharama ya kifurushi ilikuwa juu yao. Juu ya kila kanda kulikuwa na karatasi yenye maelezo ya picha, dakika kwa dakika. Mmoja wa kusini alikuwa na mwandiko mzuri kupita wote. Alituma kanda moja ya mzee wa korosho aliyeketi juu ya magunia yake akisubiri malipo. Mzee hakuhojiwa. Alikuwa ameketi tu, na kamera ilitulia kwake muda mrefu kuliko tulivyozoea. Niliipeleka kwa mhariri wa zamu. Aliitazama mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasema ni picha nzuri sana, lakini haina kauli ya kiongozi.

Wawakilishi walilipwa kwa habari iliyorushwa tu. Mwaka uliofuata yule wa kusini alikuja Dar kudai malipo ya habari zake zote. Mhasibu alimwuliza ana ushahidi gani kwamba zile ambazo hazikutoka aliwahi kuzituma. Akajibu kwamba ushahidi tunao sisi, ila tumerekodi juu yake. Nikashuka stoo kuitafuta kanda ya magunia. Ilikuwepo, na karatasi yake bado imebanwa juu, na ndani kulikuwa na uzinduzi wa semina.